Limekata Palepale

Binamu yangu tunamwita Sikio. Masikio yake ni makubwa kweli, lakini jina halikutoka hapo. Lilitoka katika karakana ya kampuni ya mabasi alikokuwa akifanya kazi, ambako madereva waligundua kwamba huyu bwana hana haja ya kufungua injini ili ajue inaumwa nini. Unatembea naye barabarani, gari la mtu msiyemjua linawapita, naye anasema kwa huzuni, "Plagi ya tatu hiyo," kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Siku ya harusi yake mwenyewe aliposhuka kwenye gari la maharusi alimwambia kwanza dereva kwamba beringi ya gurudumu la nyuma imekwisha, ndipo akamkumbuka bibi harusi aliyekuwa bado ndani anangoja kufunguliwa mlango.

Mtu akiniuliza Sikio ni mtu wa namna gani, humsimulia siku moja tu, ile ya mashindano ya kufunga msimu, miaka mitatu iliyopita. Siku hiyo inatosha.

Mashindano yenyewe si ya magari kufukuzana. Kila gari huingia njiani peke yake na kushindana na saa. Linazunguka mara moja kupasha moto matairi, mara ya pili linapimwa, basi. Kila timu ina nafasi tatu kwa siku, na muda wake bora ndio unaohesabiwa. Ukiitwa kwenye kipaza sauti usipofika, nafasi hiyo imekwenda na maji. Timu za wenzetu zilikuwa na watu wanane wanane wenye sare, na kompyuta ndani ya gari inayoandika hata dereva alikohoa wapi. Sisi tulikuwa watatu. Dada Mkubwa, dada yake Sikio, aliendesha, Sikio alifunga na kufungua, nami nilishughulika na matairi na saa ya kupimia. Siku nyingine za wiki mimi ni karani wa shule, na nadhani saa nilipewa kwa sababu ya mwandiko wangu.

Gari lilikuwa la Mzee, baba yao, ambaye kwangu ni mjomba. Katika uwanja uleule, na gari lilelile, Mzee aliwahi kuzunguka kwa dakika moja, sekunde hamsini na nane na nukta nne. Hakuna aliyejali sana isipokuwa yeye mwenyewe, ambaye aliuandika muda huo kwa rangi nyeupe ukutani mwa karakana ya nyumbani, juu ya meza ya vyuma, ili kila anayetafuta spana aukute. Alipolazwa hospitali kwa mara ya mwisho alimwita Sikio karibu na kitanda na kumwambia, "Usimwache dada yako mpaka anipite." Siku ya tatu akafa. Wosia wa marehemu hauna pa kukatia rufaa. Dada naye akaapa mbele yetu kwamba siku atakayoushinda muda wa Mzee atalifunika gari turubai, na mdogo wake aende akaishi anapotaka.

Hapo ndipo Sikio alipofungwa, na alifungwa miaka mitano. Mke wake ni muuguzi, akahamishiwa hospitali ya mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi, akaondoka na binti yao. Sikio akabaki nyuma "mpaka msimu uishe". Msimu ukaisha, ukaja mwingine. Akaacha nyumba ya kupanga akahamia chumba cha nyuma katika nyumba ya Mzee, chumba chenye kitanda cha futi tatu na dirisha linalotazama karakana, hata akilala anaonana na lile gari. Asubuhi mabasi, jioni gari, mwisho wa mwezi siku mbili kwa mkewe. Binti yake akawa anamwamkia kama mgeni.

Si kwamba Dada alikuwa dereva mbovu. Kutoka mstari wa kuanzia mpaka kwenye ubao mwekundu, uliopo robo tatu ya njia na ambapo Mzee naye aliwahi kupimwa, aliendesha vizuri kuliko baba yake. Tatizo lilikuwa baada ya kona ya mwisho. Pale, kwenye kipande kilichonyooka cha kumalizia, gari lilikata. Nguvu inaondoka, anasema Dada, kama mafuta hayafiki, halafu inarudi, lakini saa imeshakula. Ilikuwa hivyo kila mashindano. Nyumbani ukilikanyagia mafuta gari halikati. Barabarani halikati. Uwanjani, kona zote nyingine, halikati. Ni palepale tu.

Sikio alilitafuta tatizo hilo mpaka akakonda. Alibadilisha pampu ya mafuta mara nne. Alifungua tangi akaweka vizuizi ndani ili mafuta yasikimbilie upande mmoja kwenye kona. Alibadilisha mirija, vichujio, nyaya, akawa anaamka usingizini anasema, "Labda waya wa ardhi." Kuna jambo moja lingemsaidia, nalo Mzee alilipiga marufuku. Mzee alikuwa na sheria kwamba fundi hatazami gari lake likikimbia, maana fundi anayetazama anageuka mshangiliaji, na gari likirudi anakuwa hana akili. Gari likiingia njiani, fundi anakaa ndani ya kibanda chetu, uso ukutani, anapanga spana kwa ukubwa. Sikio alipanga spana tangu ana miaka kumi na minane. Mimi nilisimama juu ya pipa nikaona mpaka ubao mwekundu. Baada ya hapo gari lilipotea nyuma ya jukwaa la watazamaji, na jukwaa lilimeza hata mlio, tukaja kuliona tena limeshavuka mstari.

Sasa siku hiyo. Mkewe Sikio alikuwa amemtafutia kazi palepale hospitalini, ya kutunza jenereta na magari ya wagonjwa, na nyumba ndogo ndani ya ua. Barua ilitaka jibu Jumatatu asubuhi, na hao watu walikuwa wameshangoja mwezi mzima. Mashindano yalikuwa Jumamosi, ya mwisho kwa mwaka huo. Mkewe alimpigia simu tukiwa tunashusha gari kwenye trela. Sikusikia alichoambiwa, nilisikia alichojibu. Alisema, "Leo. Nakuambia ni leo." Kisha akabaki ameshika simu iliyokwisha katika mkono uliojaa grisi, na nikamwonea huruma kiasi cha kumkaripia kwamba jeki iko wapi.

Nafasi ya kwanza haikufika popote. Dada alitoka vizuri, akapita kona ya pili, tukasikia mlipuko mdogo kama mfuko wa karatasi uliopasuliwa. Bomba la hewa la turbo lilikuwa limechomoka. Gari likarudi likijivuta, linaguruma kama mzee mwenye pumu. Sikio alilifungua akaikuta klampu, ile pete ya kubania bomba, imelegea, klampu aliyoifunga mwenyewe, kuukuu, ya kutumiwa mara ya tatu, kwa sababu mpya alikuwa amezisahau mezani nyumbani alipopigiwa simu na binti yake. Hakujitetea. Alilifuta bomba mafuta, akalirudisha, akafunga klampu mbili badala ya moja, midomo imebana. Dada hakumlaumu hata kwa jicho. Alimmiminia maji kikombeni akamwambia anywe kwanza, mdogo wangu, ndipo afunge. Alikuwa hivyo sikuzote. Mama yao alikufa Sikio akiwa na miaka sita, Dada kumi na saba, na tangu hapo ndiye aliyemkata kucha, ndiye aliyemsainia ripoti za shule.

Nafasi ya pili ilikuwa karibu saa sita mchana. Sikio akageukia ukuta. Mimi nikapanda pipa langu. Kwenye ubao mwekundu nilibonyeza saa, nikaandika, moyo ukanipiga. Dada alikuwa mbele ya Mzee kwa nukta saba. Kwa mwendo ule angemshinda akiimba. Nikashuka pipani kabla ya wakati, nikamgusa Sikio begani, nikamwambia tayari, safari hii tayari. Kipaza sauti kikatangaza dakika moja, sekunde hamsini na tisa na nukta moja.

Dada aliingia kibandani, akazima injini, akavua helmeti. Uso wake ulikuwa umelowa jasho. Alisema, "Limekata. Palepale," kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kwa jambo lisilo kosa lake. Na kama hiyo haitoshi, mvuke ulikuwa unatoka chini ya boneti. Jiwe lilikuwa limetoboa rejeta, maji yanachuruzika kwenye sakafu. Tulikuwa na dakika hamsini kabla ya nafasi ya tatu, na rejeta nyingine ilikuwa nyumbani. Dada akaenda ofisini kwa wasimamizi kuomba tusogezwe mwisho wa foleni. Sikio akaifungua ile rejeta, akaiweka magotini, akaanza kuipekua mapezi kidogo kidogo kutafuta mirija iliyopasuka. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nilimwambia, nikijaribu kuchangamsha. Akanijibu kwamba koleo ndiyo anayoitaka, nimletee, na mdomo niuache hukohuko.

Wakati huo ndipo alipopita Mama Bendera. Huyu mama alikuwa msimamizi wa kona ya mwisho, anapunga bendera kama kuna hatari. Ni mnene, mcheshi, ana kofia pana, na tulizoeana kwa salamu tu. Alikuwa ametoka msalani anarudi kwenye kituo chake, akaomba apumzike kivulini kwetu dakika mbili maana jua lilikuwa kali. Nikampa kiti. Akatazama rejeta, akatupa pole. Kisha, akimenya karanga, akauliza kwa nini dereva wetu anaachia mguu kwenye kile kipande cha mwisho, wakati wenzake wote pale ndipo wanapokanyaga.

Sikio hakuinua kichwa. Alimweleza kwa adabu kwamba haachii, ni gari linakata, tatizo la mafuta, la siku nyingi.

Mama Bendera akatafuna kwanza. "Mwanangu, mimi si fundi," alisema. "Lakini nimesimama pale miaka minane. Gari likikosa mafuta linakohoa. La kwenu halikohoi. Linapiga chafya."

Naomba nieleze hapa, maana na mimi nilieleweshwa baadaye. Turbo inasukuma hewa kwenye injini kwa nguvu. Dereva akiinua mguu ghafla, ile hewa inakosa pa kwenda, inatoka kwa valvu yake na kufanya *tshuu*, kama chafya. Ni lazima mguu uinuliwe. Mafuta yakikatika huku mguu umekanyaga, injini inakohoa na kushtukashtuka, lakini chafya hiyo haitoki. Fundi wa turbo analijua hilo kama anavyojua jina la mama yake.

Niliona masikio ya Sikio yakibadilika rangi. Mkono wenye koleo ulisimama. Kisha ukaendelea. Akaukata mrija wa kwanza uliopasuka, akaukunja ncha zote mbili, akaubana, akapaka gundi ya chuma. Akafanya hivyo kwa wa pili. Mama Bendera alishukuru kwa kiti akaenda zake. Hakuwa na habari kwamba amebomoa nyumba ya watu.

Nilimwambia Sikio yule mama huenda hajui anachosema. Aliniambia nimpe daftari langu la saa. Alifunua kurasa kwa kidole kimoja kisicho na gundi, mashindano baada ya mashindano, miaka mitano. Ubao mwekundu mbele kwa nukta tatu, mwisho nyuma. Mbele kwa nukta tano, mwisho nyuma. Mbele kwa nane. Mimi ndiye niliyeziandika namba hizo, kwa ule mwandiko wangu mzuri, na sikuwahi kuziona. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na mimi nilikuwa nikikihesabu kwa nukta kila msimu.

Dada aliporudi, tulikuwa tumepewa dakika ishirini za ziada na rejeta ilishikilia maji. Sikio aliifunga, akawasha injini, akainama akaisikiliza muda mrefu. Akasimama akafuta mikono. Akamwambia dada yake kwamba nafasi hii hatakaa kibandani, atakwenda kusimama kona ya mwisho.

"Mzee alikataza," alisema Dada.

"Najua."

"Utaniletea mkosi."

"Dada, gari ni zima. Nimelifunga mwenyewe, na nimelisikiliza. Nenda ukampite Mzee, twende nyumbani."

Alimtazama mdogo wake kitambo. Nadhani alijua. Kisha akavaa helmeti na kujibana mikanda.

Tulitembea mpaka kona ya mwisho kwa kufuata uzio, mimi na saa yangu, yeye mikono mitupu. Ni mwendo wa dakika sita. Ningetaka kusema nilikuwa namwombea Dada ashinde, lakini ukweli nilikuwa naomba gari likohoe. Kama lingekohoa tungerudi kuwa watu walewale. Mama Bendera alitupisha kando yake bila kuuliza kitu. Kutoka pale ubao mwekundu unaonekana vizuri, na kile kipande cha mwisho kiko mbele yako chote, kimenyooka, lami nyeusi, mpaka mstarini.

Sikio alifumba macho. Gari lilipasha matairi, likapita mbele yetu taratibu, likaenda kuanza. Tukalisikia likiondoka. Sikuwahi kumwona akisikiliza gari lile likifanya kazi ambayo alilifungia. Uso wake ulilegea, akawa anatikisa kichwa kidogo kwenye kila gia, na nilielewa kwamba Mzee alimnyima mtu huyu jambo zuri kabisa maishani kwa ajili ya ushirikina wake. Kwenye ubao mwekundu nilibonyeza. Nukta tisa mbele. Nikamwambia. Akafumbua macho.

Dada aliingia kona ya mwisho kwa kasi ambayo ilimfanya hata Mama Bendera ashike kofia. Alitoka amelinyoosha, injini inapanda, hakuna kikohozi, hakuna kigugumizi, mlio mmoja safi kama kitambaa kinachochanwa. Alikuwa hatua thelathini kutoka kwetu. Helmeti ikageuka upande wetu, nusu sekunde, akamwona ndugu yake amesimama pale.

Tshuu.

Mlio ukashuka. Gari likaelea, likaelea, kisha likakanyagwa tena kwa hasira, lakini saa imeshakula. Dakika moja, sekunde hamsini na nane na nukta sita.

Mama Bendera aliangalia karanga zake. Sikio alisimama vilevile kwa muda ambao sikuupima. Kisha akasema, si kwangu, "Haya," akageuka tukarudi.

Tulimkuta Dada amezima injini lakini yumo bado, mikanda imembana, mikono kwenye usukani, helmeti kichwani na kioo chake ameinua. Spika ilikuwa inamtangaza mshindi wa kundi letu, mtu mwingine kabisa. Nilisimama mlangoni mwa kibanda. Ningependa kusema nilitaka kuwapa faragha, lakini ni kwamba sikuwa na ujasiri wa kuingia.

"Limekata," alisema Dada. "Palepale."

"Nilikuwa palepale, Dada."

Sikio alichuchumaa kando ya mlango wa gari ili macho yao yawe sawa, kama anavyochuchumaa anapoongea na binti yake. Nilimtegemea apige kelele. Nilimtaka apige kelele. Alizungumza polepole mno.

"Pampu nne," alisema. "Nilikuwa nalala naisikia hiyo pampu. Mwanangu amejifunza kusoma mimi sipo. Niliambiwa kwa simu."

"Leo nilitaka kukanyaga," alisema Dada. "Nakuapia. Kila mara nataka. Nikitoka kwenye kona ile nauona mstari, najua nikiupita tu umeondoka, na mguu unainuka wenyewe." Alivuta pumzi. "Nyumba ile ina vyumba vitano. Jioni nikisikia spana zako huko nyuma ndiyo najua kuna mtu. Nitakaa pale nisikie nini?"

Nilimwona Sikio ameumia, maana alikuwa anampenda sana yule dada. Angekuwa na hasira na mtu mwingine yeyote, ingekuwa rahisi.

"Ungeniambia," alisema Sikio.

"Ungebaki?"

"Sijui. Ningekuwa nakuja kukuona bila spana."

Dada alianza kulia ndani ya helmeti, kilio kisicho na nafasi. Akasema Mzee alimwambia Sikio asimwache. Akasema wosia ni wosia.

"Mpaka umpite," alisema Sikio. "Umempita zamani. Binamu anayo yote kwenye daftari."

Wote wawili wakanigeukia, nami nikalishika daftari kama mtoto aliyekutwa na kitu cha watu. Nilitikisa kichwa kukubali. Hilo ndilo lililokuwa jukumu langu lote katika mkasa huu, kutikisa kichwa mara moja.

Boneti ilikuwa mbele ya Sikio. Kwa miaka mitano, kila gari lilipozimwa, kabla Dada hajavua helmeti, Sikio alikuwa ameshafungua boneti. Nilimwona akiitazama, mkono ukaanza kwenda wenyewe. Akaurudisha, akauweka mfukoni. Akatoa simu akampigia mkewe palepale mbele yetu, akamwambia aandike jibu la ile barua, anakuja. Mkewe aliuliza kitu. Sikio akasema, "Hapana, hatukumpita." Akaulizwa tena. "Gari ni zima," alisema. "Nitakueleza nikifika."

Dada alijifungua mikanda taratibu. Alimuuliza sasa nani atamfungia gari. Sikio akamjibu atafute fundi, wako wengi, tena wazuri kuliko yeye. "Ila umwambie gari ni zima. Asihangaike na pampu."

Tulilipandisha gari kwenye trela watatu, kila mtu mahali pake pa siku zote. Jumatatu hakwenda kazini kwa mabasi. Jumatano alikuwa ameshaondoka na sanduku moja na lile begi la spana, na Dada ndiye aliyemsindikiza kituoni, akamnunulia maji ya njiani. Sasa ana nyumba ile ndogo ndani ya ua, jenereta zake hazikohoi, na binti yake humkimbilia akirudi. Huja kumwona dada yake kila baada ya miezi mitatu, bila spana, kama alivyosema. Wanakaa sebuleni wanaongea. Amenenepa.

Watu nikiwasimulia, wengi humlaumu Dada. Wapo wanaomlaumu Sikio kwa kuvunja wosia wa baba. Mimi nilishikilia upande wa Sikio tangu mwanzo na nitafanya hivyo daima, na huwaambia wazi kwamba mtu mzima asikubali kufungwa na machozi ya mtu, hata awe nani.

Dada hakupata fundi. Alijaribu wawili, akasema hawana mikono. Baada ya Sikio kuondoka nilianza kupita pale mara moja kwa wiki kumsaidia kulisukuma gari atoke nalo. Halafu mara tatu kwa wiki. Kuna usiku mmoja mvua ilinikamata huko, akanitandikia chumba cha nyuma, na kwangu mimi hakuna anayeningoja ila redio. Nilijifunza kufunga klampu. Nilijifunza plagi. Mimi si fundi, lakini nagonga vyuma jioni na Dada anapika anaimba.

Msimu uliopita tulikwenda uwanjani, wawili tu. Kwenye ubao mwekundu tulikuwa mbele ya Mzee kwa sekunde nzima. Dada alirudi, akazima injini, akavua helmeti, jasho linamtiririka. Aliniambia limekata, palepale, na akanitazama.

Nilikuwa na daftari mkononi. Nililiweka chini, nikafungua boneti, nikamwambia huenda ni pampu.